Kuirudishia Probox hewa ya Mombasa: shajara ya supachaja ya umeme, Nakuru

Jumamosi, 8 Februari

Mradi huu unatafuta jibu la swali moja: je, kifaa kinachozungushwa na umeme wa betri chaweza kweli kuiongezea injini ya gari nguvu? Mtandaoni kuna feni ndogo zinazouzwa kwa jina la supachaja ya umeme, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, na wenzangu hunitumia picha zake mara kwa mara wakitaka kujua kama zinafaa. Nimeamua kujibu kwa vipimo, na nitaviandika hapa jinsi vinavyokuja.

Swali lenyewe lina uzito zaidi huku kwetu kuliko pwani. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mombasa, shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 101. Kisumu ni 88 hivi, Nakuru 81, na ukipanda mpaka Timboroa, juu ya mita 2,700, unabaki na 72 tu. Injini isiyo na turbo, yaani kisukuma hewa kinachozungushwa na moshi wa injini, haina namna ya kujitetea. Pistoni ikishuka, silinda hujaa hewa iliyopo, iwe nzito au nyepesi. Hewa nyepesi ina oksijeni kidogo, oksijeni kidogo huunguza petroli kidogo, na petroli ikipungua nguvu hupungua kwa kadiri hiyo hiyo.

Gari la majaribio ni Toyota Probox ya gia za mkono, injini 1NZ-FE ya lita 1.5. Kwa vipimo vya kiwandani ina nguvu za farasi 109 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, ila hizo ni za usawa wa bahari. Hapa Nakuru tunaendesha farasi 87 hivi. Anayebeba viazi kutoka Mau Narok au Molo anaijua tofauti hiyo kwa mguu wake wa kulia.

Lengo langu nimeliwekea mpaka tangu leo. Sitafuti gari la mashindano. Nataka kuirudishia Probox hewa ya Mombasa, na isizidi hapo. Mpaka huo una faida kubwa: injekta, plagi, sensa ya hewa na kompyuta ya gari vyote viliundwa kuhudumia injini inayopumua hewa ya usawa wa bahari. Nikiishia hapo sina haja ya kufungua injini wala kugusa kompyuta, na mbano wake (kiasi silinda inavyoshindilia hewa) wa 10.5 kwa 1 hautabebeshwa shinikizo ambalo wahandisi hawakulitarajia.

Jumapili, 16 Februari

Leo tumechukua vipimo vya msingi. Kabla ya hapo tulibadilisha filta ya hewa, tukaweka plagi mpya, tukajaza tairi upepo sawasawa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona jinsi vifaa vya kila aina vinavyojipatia sifa: mtu anafunga kifaa siku ile ile anayofanya sevisi, gari linachangamka, kisha kifaa kinasifiwa kwa kazi iliyofanywa na filta safi.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Barabara ya kuelekea Njoro alfajiri, kabla magari hayajawa mengi, gia ya tatu, kanyaga mafuta mpaka chini, hesabu muda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa. Programu ya simu inayosoma GPS ndiyo inayorekodi. Kila kipimo tunakifanya kwenda na kurudi ili mteremko na upepo visitudanganye, halafu tunachukua wastani. Gia ya tatu nimeichagua kwa kuwa kwenye kilomita 80 injini inakuwa chini kidogo ya mizunguko 4,000, kasi ambayo gari la mizigo huitumia kweli mlimani.

Wastani: sekunde 9.6.

Jumamosi, 1 Machi

Feni imefika. Ni ya plastiki, kipenyo kama cha kopo la maziwa ya unga, mota yake katikati imeshikwa na vimikono vitatu. Fundi ninayefanya naye kazi, mzee aliyejifunzia gereji kwenye Peugeot 504, aliigeuza mkononi, akaipuliza kwa mdomo, ikazunguka.

“Mwalimu,” akasema, “kama mimi naizungusha kwa pumzi, injini nayo itaizungusha. Sasa nani anampulizia mwenzake?”

Nilimwambia, “Mzee, hilo ndilo tunalotaka kulipima.”

Ili kupima tulitumia ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao fundi wa ujenzi huweka maji kutafuta usawa wa ukuta. Uukunje uwe kama herufi U, utie maji yenye rangi, upande mmoja uuache wazi, na mwingine uuchomeke kwenye bomba la hewa kati ya feni na throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta. Tofauti ya sentimita moja kati ya maji ya upande huu na upande ule ni karibu paskali 98. Kwa shinikizo dogo hakuna geji ya dukani inayoushinda mpira huu, na bei yake haifiki ya chakula cha mchana.

Injini ikiwa imezimwa na throto imefungwa, feni ikiwashwa inasukuma maji sentimita 2.5. Hizo ni paskali 245. Hewa ya Nakuru ni paskali 81,000. Kwa hiyo katika hali yake bora kabisa, ambapo hakuna hewa yoyote inayopita, feni inaongeza asilimia 0.3 ya shinikizo.

Kisha tukatoka barabarani, mtoto wa mzee akiwa kiti cha abiria ameushika mpira umesimama wima. Bila feni, kwenye mizunguko 3,800 huku mafuta yamekanyagwa yote, maji yalivutwa kuelekea injini kwa sentimita 8. Huo ni mvuto wa kawaida unaotokana na filta na bomba. Tulipoifunga feni na kuiwasha, kwenye mwendo mdogo maji yaliegemea upande wa kusukumwa, vizuri tu. Injini ilipopita mizunguko 2,500 yakaanza kurudi. Kufikia 3,800 yalikuwa yamevutwa sentimita 14. Maana yake feni ilikuwa imeacha kusaidia na kugeuka kizuizi ndani ya bomba: injini inavuta hewa nyingi kuliko feni inavyoweza kupitisha, na vimikono vile vitatu pamoja na mota vimekaa njiani.

Muda wa 40 hadi 80: sekunde 9.7.

Jumamosi, 8 Machi

Nataka kueleza kwa nini matokeo ya wiki jana hayatokani na ubovu wa feni ile moja. Feni nyingine ya aina hiyo hiyo, hata ikiundwa vizuri namna gani, itaishia pale pale, na hesabu yake inatosha kwenye karatasi moja.

Injini ya lita 1.5 huvuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Kwenye mizunguko 3,800, ukikubali kwamba silinda hazijai kabisa bali kwa asilimia 85 hivi, inameza karibu lita 40 za hewa kila sekunde. Kazi ya kusukuma hewa, kwa wati, ni shinikizo mara mtiririko. Feni yetu inakula ampea 4 za volti 12, yaani wati 50 kasoro kidogo. Chukulia kwamba haipotezi hata wati moja, jambo lisilowezekana. Wati 50 ukizigawa kwa lita 40 kwa sekunde unapata paskali 1,250. Asilimia moja na nusu ya hewa ya Nakuru! Na hiyo ni feni ya mbinguni. Ya duniani hupoteza zaidi ya nusu ya umeme wake.

Sasa hesabu kwa upande wa lengo letu. Kutoka 81 kuelekea 101 kuna pengo la kilopaskali 20. Nikitaka kuziba 15 tu kati ya hizo, kwa lita 40 na zaidi kila sekunde, hewa peke yake inadai wati 600 hadi 700. Ongeza upotevu wa kompresa (pampu ya kushindilia hewa), mkanda na mota, utafika kilowati moja na nusu. Kwa umeme wa gari wa volti 14 kasoro, hiyo ni zaidi ya ampea 100. Alternata, jenereta zinazozungushwa na injini, za magari madogo hutoa kati ya 60 na 100, na humo humo kuna taa, feni ya rejeta, pampu ya petroli na moto wa plagi.

Kipepeo cha mkono huchochea jiko la makaa vizuri kwa sababu jiko liko wazi, hewa ipite tu makaa yawake. Silinda inataka hewa iliyoshindiliwa, na kushindilia ndiko kunakokula wati.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha supachaja yoyote ya umeme, uliza inakula wati ngapi. Kama waya zake ni nyembamba kama za redio, mazungumzo yameisha.

Jumamosi, 22 Machi

Wako waliofaulu, na inafaa kuangalia walilipa nini. Mwaka 2016 Audi ilitoa SQ7 ya dizeli, injini ya V8 ya lita 4, yenye turbo mbili pamoja na kompresa ya umeme iliyotengenezwa na Valeo. Kompresa hiyo inatumia hadi kilowati 7 na kufikia mizunguko 70,000 kwa dakika chini ya robo sekunde. Mwaka uliofuata Mercedes-Benz ikaweka kitu cha namna hiyo kwenye injini yake mpya ya silinda sita, M256. Wote wawili waliacha volti 12 wakaenda kwenye mfumo wa pili wa volti 48 wenye betri yake. Kilowati 7 kwa volti 12 ni karibu ampea 600, na waya wa kubeba hizo haukunjiki kirahisi ndani ya gari. Volti 48 wakazichagua kwa kuwa umeme wa betri ulio chini ya volti 60 huhesabiwa kuwa si hatari ya mauti kwa anayeugusa.

Tazama pia kompresa hiyo ilipewa kazi gani. Haikuachiwa injini nzima. Inajaza pengo la nukta chache, pale dereva anapokanyaga mafuta na turbo bado haijapata moshi wa kutosha kuizungusha. Turbo zikishika, umeme unakatwa.

Probox haina turbo ya kusubiri, kwa hiyo kwangu kompresa itabidi ifanye kazi muda wote wa kupanda mlima. Hilo limeniamulia aina ya kompresa. Ya feni ya turbo inataka mizunguko makumi ya maelfu, na mota ninayoweza kuipata haifiki huko bila giaboksi ya kuchongwa kwa ustadi mkubwa. Aina ya Roots, yenye rota mbili zinazopishana na kubeba hewa kwa mafungu, inaridhika na mizunguko elfu chache. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots, kule Indiana nchini Marekani, walipata hataza yake mwaka 1860, kabla ya gari lolote la petroli, na ilitumika kupuliza hewa kwenye tanuri za kuyeyushia chuma. Haina maringo, ila hupasha hewa joto kuliko nyingine.

Jumamosi, 12 Aprili

Vitu vimekamilika. Blowa, yaani kompresa yenyewe ya Roots, ni Eaton M45, iliyotoka kwenye MINI Cooper S iliyovunjwa kwa ajili ya spea, nimeipata Grogan, Nairobi. Kila mzunguko mmoja inabeba inchi za ujazo 45, yaani lita 0.74. Nilizizungusha rota kwa kidole zikaenda bila kukwaruza, nikanusa mafuta ya gia zake hayakuwa yameungua, nikalipa. Mota na kontrola (kidhibiti cha umeme wake) ni vya pikipiki ya umeme iliyogongwa, volti 72, kilowati 3. Betri ni ya shemeji yangu anayefanya kazi ya bodaboda ya umeme, na kwa kuwa siku nyingine zote inamlisha yeye na watoto, majaribio ya barabarani yatafanyika Jumapili tu.

Volti 72 zimevuka mpaka ule wa 60 niliotaja. Tumeweka fyuzi ya ampea 50 sentimita chache kutoka kwenye betri, waya zote zimepitishwa ndani ya mpira mgumu, na betri imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya nyuma ndani ya sanduku la chuma lililowekwa raba. Yeyote atakayejaribu kitu kama hiki asianze na mota. Aanze na fyuzi na sanduku.

Sehemu iliyotutesa ni kilango cha hewa. Rota za Roots zikisimama, huziba bomba. Blowa ikizimwa injini inakosa pumzi kabisa, kwa hiyo lazima pawe na njia ya pembeni inayojifungua yenyewe. Mzee alikata kipande cha alumini, akakigandishia raba ya tyubu ya tairi pande zote mbili, akakipachika kwenye bawaba ndani ya bomba la pembeni. Blowa ikisukuma, shinikizo linakifunga. Blowa ikisimama, mvuto wa injini unakifungua. Chini yake tuliweka wavu wa chuma, kwa sababu bawaba ikikatika siku moja sitaki alumini iende kutafunwa na valvu.

Kuna valvu nyingine tena. Mota inazunguka kwa kasi moja, mizunguko 4,500 hivi, injini ikiwa kwenye 2,000 au 4,000. Kwenye 2,000 injini inakula nusu tu ya hewa inayoletwa, na shinikizo lingepanda kupita mpaka niliojiwekea. Hivyo pana valvu ya springi inayofunguka kwenye kilopaskali 15 na kurudisha hewa ya ziada kwenye bomba lililo kabla ya blowa. Kurudisha huko ni muhimu. Sensa ya Probox inayopima hewa imekaa kwenye sanduku la filta. Hewa ikishapita pale imeshahesabiwa na petroli yake imeshapangwa; ukiimwaga nje, injini inapata petroli ya hewa ambayo haipo.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumewasha gari likiwa limesimama. Mlio ni wa king'ora cha chini chini, unapanda ndani ya sekunde moja hivi mpaka unatulia. Mpira wa maji leo haufai: kilopaskali 15 ni safu ya maji ya mita moja na nusu. Tumefunga geji ya turbo kwenye dashibodi. Kilango kilikuwa kinapigapiga injini inapotembea polepole, kikatulia baada ya mzee kukiongezea kispringi chepesi cha kalamu. Hewa ilikuwa inavuja kwenye klampu mbili. Tumezikaza.

Swichi inayoiwasha mota imekaa chini ya pedali ya mafuta na inaguswa pale tu mguu unapofika sakafuni. Ukiendesha kawaida, blowa imelala.

Jumapili, 4 Mei

Barabara ile ile ya Njoro, saa ile ile. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, lami ikakauka kabla hatujaanza.

Geji ilisimama kwenye 15 kuanzia mizunguko 2,000 hivi mpaka karibu 3,800, kisha ikaanza kushuka, na ilipokaribia 4,500 ikawa sifuri na kilango kikafunguka. Hapo injini inakuwa imeifikia blowa kwa ulaji. Ampea za betri zilikuwa 21, yaani kilowati 1.5, karibu sawa na karatasi ya Machi. Nilifurahi sana kuona hivyo.

Wastani wa 40 hadi 80: sekunde 9.1.

Kutoka 9.6 hadi 9.1, huku gari limeongezewa kilo zaidi ya arobaini za mota, blowa, sanduku na betri. Jibu la swali la mradi ni ndiyo. Kompresa ya umeme inaongeza nguvu, na saa imeonyesha.

Ila hesabu yake inahitaji kufafanuliwa vizuri, maana hapa ndipo watu hupotea. Shinikizo limepanda kutoka 81 hadi 96, asilimia 18 na nusu. Nguvu haikupanda hivyo. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na joto huitanua tena. Kipimajoto kwenye bomba kilisoma nyuzi 24 kabla ya blowa na nyuzi 50 baada yake. Ukiondoa athari ya joto, hewa imekuwa nzito zaidi kwa asilimia 8 au 9 tu. Kwenye mizunguko 3,800 injini yetu hapa Nakuru ina kilowati 44 hivi, kwa hiyo tumepata kilowati 3.8, farasi watano.

Tumetoa 1.5 ya umeme tukapokea 3.8. Hakuna muujiza: nguvu ya ziada imetoka kwenye petroli ya ziada iliyoungua, umeme ulikuwa wa kuiletea hewa tu. Na umeme huu tuliuleta kutoka nyumbani, ukiwa umechajiwa usiku. Ungetoka kwenye alternata, ambayo hupoteza karibu nusu ya kinachoizungusha, injini yenyewe ingelipa kilowati 2.7 ili ipate 3.8. Faida inabaki kilowati 1.1, na uzito wa vyuma unaimeza. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: swali la kompresa ni jepesi kuliko swali la umeme wake unatoka wapi.

Jumapili, 18 Mei

Tumekwenda Timboroa. Nyuma tulipakia magunia sita ya mbolea ya kilo 50 ambayo jirani alitaka yafike Molo, kwa hiyo kupanda kwa kwanza tulikuwa na mzigo halisi.

Baada ya Salgaa barabara inaanza kupanda kuelekea Sachangwan, na kila anayeipita anaikumbuka kwa ajali zake, hasa moto wa lori la mafuta wa Januari 2009 ulioua watu zaidi ya mia. Hatukufanya mbio hapo. Nilikaa nyuma ya malori kama kila mtu na kuangalia jambo moja: gari laweza kushika gia ya tatu kwa kilomita 60 bila kushuka ya pili? Bila blowa, kwenye sehemu ile kali, injini ililegea na nikalazimika kushusha gia. Nilipogeuza na kurudia nikiwa nimeiwasha, ilishika. Ilikuwa inanung'unika, lakini ilishika mpaka juu.

Tukashusha mbolea Molo, tukapita Mau Summit. Timboroa kulikuwa na ukungu na nyuzi 15 za joto. Geji ilisimama kwenye 15 kama Nakuru, kwa sababu valvu ya springi haijui mwinuko. Lakini 15 juu ya 72 ni 87. Tulikuwa tumesimama kando ya njia ya reli ya Timboroa huku injini inapumua hewa ya Kisumu. Huku juu ongezeko la uzito wa hewa linakaribia asilimia 10, kubwa kuliko la Nakuru, na nililisikia wazi gari lilipokuwa linaondoka.

Mzee, ambaye kwa kawaida hasifu kitu, alisema, “Mwalimu, hii sasa inapumua,” akaomba aendeshe yeye mpaka Mau Summit.

Kilichonitia wasiwasi ni joto la mota. Pikipiki hupozwa na upepo. Huku mota imefungiwa ndani ya boneti karibu na injini. Baada ya dakika chache za kupanda mfululizo haikushikika kwa mkono, na kabla ya kilele cha Timboroa kontrola ilijizima ili kujilinda. Kilango kikafunguka bila shida, gari likaendelea kwa pumzi yake ya kawaida. Kugonga kwa injini, yaani petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda, sikukusikia hata mara moja, na plagi tulizozifungua Molo zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, sawasawa.

Jumamosi, 14 Juni

Betri imerudi kwa shemeji moja kwa moja, kwa kuwa msimu wake wa kazi umechangamka. Blowa na mota vimebaki kwenye gari kwa sasa.

Mwalimu mwenzangu mwenye Fielder, injini ile ile ya 1NZ, ameniuliza anunue nini kati ya feni na mtambo kama wangu. Feni nimemkataza kabisa, nikampa karatasi ya Machi aisome mwenyewe. Kuhusu mtambo nilimwambia ukweli wa bei: ukiweka betri ya kununua, gharama inapita ya injini ya mtumba ya lita 1.8 iliyofungwa tayari, na injini hiyo itampa zaidi ya farasi watano, mchana kutwa, bila kuchajiwa. Kama anataka gari lenye nguvu mlimani na ana pesa za mara moja, atafute lililotoka kiwandani na turbo. Turbo hutumia moshi ambao ungepotea tu, na kwenye milima yetu ndiyo dawa ya zamani iliyothibitishwa.

Hata hivyo mimi naendelea, kwa sababu kuna sehemu mbili zinazoweza kuboreshwa bila gharama kubwa. Ya kwanza ni kuifanya kontrola isome kasi ya injini kutoka kwenye waya wa moto wa plagi, ili mota izunguke kadiri ya haja. Kwenye mizunguko 2,000 sasa hivi nusu ya hewa inazungushwa bure kupitia valvu, inapata joto na kuchosha mota. Ya pili ni kuipoza mota kwa bomba la hewa kutoka mbele ya rejeta, na fundi wa mabati hapa Kanu Street amekubali kulikunja wiki ijayo. Vipimo vya gari likiwa halina betri, blowa imelala na kilango wazi, ni sekunde 9.7.